MALI BILA DAFTARI
Somo kwa ndugu wenye biashara ndogo ndogo



Katika somo hili tunataka kuzungumza na wale wanaotafuta riziki yao kwa kuuza na kununua. Katika mitaa yetu ya Mbeya na Iringa wamo wengi. Yupo mama anayepanga viazi mafungu mafungu Mwanjelwa. Yupo kijana wa Uyole mwenye meza ya vocha na sabuni. Yupo fundi cherehani wa Mafinga, na baba wa Ilula anayesimamisha mabasi ya barabara kuu ili auze nyanya na vitunguu. Hawa wote ni wafanya biashara, hata kama mtaji wao ni wa elfu hamsini tu.

Tumeona jambo moja linalotuhuzunisha. Duka hufunguliwa kwa furaha, watu huja kupongeza, na kabla mwaka haujaisha mlango umefungwa. Mwenye duka si mvivu, aliamka alfajiri kila siku. Wala si mlevi. Ukimwuliza fedha zimekwenda wapi, atakujibu, "Hata mimi sijui." Basi somo letu linahusu jibu hilo. Hebu tulitazame taratibu, hatua kwa hatua.

1. BIASHARA NI KAZI YA HESHIMA

Kwanza tuondoe aibu. Wako wanaodhani kwamba kazi ni ya ofisini tu, na kwamba anayeuza maandazi amekosa kazi. Si kweli. Mtume Paulo alishona mahema akiwa Korintho. Lidia, aliyewakaribisha mitume nyumbani kwake Filipi, alikuwa mwuza nguo za rangi ya zambarau. Kazi ya mikono na ya soko haikuwazuia kuwa watu wa imani, bali ilisaidia nyumba zao na kanisa lao.

Lakini kwa kuwa ni kazi, ina kanuni zake. Mkulima hapandi mahindi mwezi wa Julai akatumaini mvua. Vivyo hivyo mwenye duka hawezi kutumaini faida asipofuata kanuni za duka.

2. FAIDA SI FEDHA ILIYO MKONONI

Tuchukue mfano wa mama anayeuza viazi. Bei tutakazozitaja ni za mfano tu, kila mmoja aweke bei za soko lake.

Mama huyu amenunua gunia moja kwa shilingi 60,000. Analipima kwa sado, na linatoa sado 25. Anauza kila sado shilingi 3,500. Anapiga hesabu kichwani: 25 mara 3,500 ni 87,500. Akiondoa 60,000 anaona amepata faida ya 27,500. Anafurahi, anatoa 15,000 kwa matumizi ya nyumbani, na moyoni anasema bado amebakiza faida nyingine.

Sasa tuhesabu pamoja naye. Gari lililoleta gunia lilitaka 6,000. Mbebaji alitaka 1,500. Ushuru wa soko ni 500. Kwa hiyo gunia halikumgharimu 60,000, bali 68,000. Tena, sado mbili zilioza au zilikatwa kwa jembe, hazikuuzika. Sado moja aliipeleka nyumbani kwa chakula cha watoto. Zimebaki sado 22 za kuuza, nazo zimeleta 77,000. Ondoa 68,000, inabaki 9,000. Hiyo ndiyo faida yake halisi, na aliipata kwa siku mbili za kukaa juani.

Yeye ametumia 15,000. Hizo 6,000 zilizozidi zimetoka wapi? Zimetoka katika mtaji. Leo hazionekani, kwa sababu kibindo bado kina noti. Lakini akifanya hivyo kwa magunia kumi, atakuwa amekula 60,000, yaani gunia zima. Siku moja ataenda kununua mzigo na fedha haitatosha. Atasema amelogwa, au jirani ana jicho baya. Hakuna aliyemloga. Amekula mbegu.

Neno hili ni zito, maana watu wamegombana na jirani zao na hata kuvunja undugu kwa sababu ya duka lililokufa, kumbe duka liliuawa na hesabu. Kabla hujamshuku mtu, fungua daftari.

3. DAFTARI NA KIBOBO VIWILI

Wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Hawakusema mali nyingi. Hata mali ya elfu hamsini hupotea hivyo hivyo.

Daftari la shule lenye kurasa mia linatosha. Piga mistari upate sehemu nne: tarehe, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka, na madeni. Andika kila jioni kabla ya kulala, hata kama ulichouza ni kiberiti. Asiyejua kusoma amwombe mtoto wake amwandikie. Hilo litamfundisha mtoto hesabu kuliko zoezi la ubaoni.

Pamoja na daftari, weka vibobo viwili, kimoja cha duka na kimoja cha nyumba. Fedha ya duka isinunue mboga. Jipangie posho yako kila juma kufuatana na faida uliyoiona katika daftari, kisha uihamishe katika kibobo cha nyumba. Ukichukua sabuni dukani kwako, andika. Duka halijui kama wewe ndiwe mwenyewe. Sabuni iliyotoka bila fedha imetoka.

Wazee wetu watakumbuka Operesheni Maduka ya mwaka 1976, wakati maduka ya watu binafsi vijijini yalipotakiwa kufungwa ili mahali pake pawe na maduka ya vijiji. Mengi ya maduka hayo ya vijiji hayakudumu. Bidhaa zilikuwa haba, lakini pia hesabu hazikuwekwa vizuri, na watu waliona mali ya wote kama mali isiyo na mwenyewe. Twajifunza nini? Duka la kijiji bila hesabu lilikufa, na duka la mtu binafsi bila hesabu linakufa vile vile. Ugonjwa haumtazami mwenye mali.

Daftari lina faida nyingine katika kodi. Tuangalie jedwali la kodi kwa wafanya biashara wadogo lililowekwa mwaka 2019. Mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hakutozwa kodi ya mapato. Mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7, asiye na kumbukumbu, alipangiwa 100,000. Lakini mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Basi aliyeuza milioni 5 na daftari lake mkononi alilipa 30,000, na jirani yake aliyeuza kiasi kile kile bila daftari alilipa 100,000. Daftari moja liliokoa 70,000. Viwango hubadilika bungeni kila mwaka wa fedha, hivyo uliza ofisi ya TRA iliyo karibu nawe viwango vya mwaka huu. Usimwulize mpita njia.

Na iko faida ya tatu, ambayo hatupendi kuitaja lakini hatuna budi. Baba akifa ghafula na hesabu zote zilikuwa kichwani mwake, mjane anaachwa gizani. Wanaodai wanakuja kabla ya arobaini, kila mmoja na kiasi chake. Wanaodaiwa wananyamaza kimya. Ndugu wa marehemu wanasema duka ni la ukoo. Mjane hana karatasi hata moja ya kujitetea. Ndugu akina baba, mwonyesheni mke daftari wakati mngali hai. Na ninyi akina mama, mwonyesheni mume au mtoto mkubwa. Kuficha hesabu si ujanja, ni kuwaachia watoto msiba wa pili juu ya msiba wa kwanza.

4. KUKOPESHA NA KUKOPA

Kukopesha kunaua maduka mengi mitaani, nako ni kugumu kwa sababu mkopaji si mgeni. Ni shangazi, ni jirani, ni mwimbaji mwenzako wa kwaya. Hatusemi uwe na moyo wa jiwe. Tunasema uweke mpaka. Amua kiasi ambacho duka linaweza kukopesha kwa mwezi bila kuyumba. Kikiisha, sema kwa upole kwamba mwezi huu kimekwisha. Na kama ndugu ana njaa kweli, usimkopeshe, mpe. Toa katika kibobo cha nyumba, uandike kuwa ni sadaka, usimdai. Kukopesha ukijua halitalipwa huzaa chuki, lakini kutoa huleta amani.

Sasa kukopa. "Kukopa harusi, kulipa matanga." Leo mijini na vijijini iko mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Jina linatosha. Mama anapewa 100,000 asubuhi moja, bila maswali mengi. Anaambiwa arudishe 5,000 kila siku kwa siku 30. Anasikia 5,000 anaona ni ndogo. Lakini 5,000 mara 30 ni 150,000. Katika mwezi mmoja amelipa riba ya 50,000, yaani nusu ya alichokopa. Ni genge gani la mboga linalozaa faida ya namna hiyo? Siku ya kumi anashindwa, anakopa kwa mwingine ili amlipe wa kwanza. Kisha wanakuja kuchukua godoro, jiko, televisheni. Wako akina mama waliokimbia nyumba zao kwa aibu.

Kama yuko mmoja kati yetu aliyenaswa hivyo, tunamwambia, ndugu, usijifiche. Mweleze mwenzi wako. Andika madeni yote katika ukurasa mmoja. Usikope tena kulipa mkopo. Mwendee kila anayekudai, upange naye kiasi unachokiweza, mbele ya shahidi na kwa maandishi. Na sisi wengine tusimcheke. Kicheko cha jirani ndicho kinachomrudisha mtu kwa mkopeshaji usiku.

Kabla ya kukopa popote, jiulize maswali matatu. Je, fedha hii itanunua kitu kitakachozaa, au itakwenda kwenye ada, harusi na matanga? Je, jumla nitakayorudisha ni shilingi ngapi, si kwa siku bali yote? Je, biashara ikilala juma zima kwa ugonjwa, nitalipa kwa nini? Usiposhindwa kujibu hata moja, unaweza kuendelea. Ukishindwa, rudi nyumbani. Wala usimkabidhi mtu kadi yako ya benki pamoja na namba yake ya siri kuwa rehani.

Njia zilizo bora zipo. Kuna SACCOS, na kuna vikundi vya kuweka na kukopa, kama VICOBA, ambavyo wanachama hununua hisa kila juma na kukopeshana wenyewe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka vikundi hivyo visajiliwe. Msiliogope jambo hilo, maana usajili huwalinda siku mweka hazina akitoroka. Tena sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa mwezi wa Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarudi mwaka 2024. Mwendeeni ofisa maendeleo ya jamii wa kata mkiwa kikundi, si mmoja mmoja.

5. KIPIMO CHA HAKI

Katika nyanda zetu hizi lumbesa tunaijua sote. Mkulima wa Umalila au wa Njombe anajaza gunia la viazi, kisha juu yake kunashonwa kilemba kikubwa, naye analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo imekataza, na Wakala wa Vipimo hukamata, lakini desturi bado ina nguvu.

Mfanya biashara mdogo aweza kusema, "Mimi nanufaika, kwa nini niseme?" Lakini afikiri tena. Mkulima aliyepunjwa hanunui khanga kwako, hanunui sukari, wala hampeleki mtoto kwa fundi cherehani wako. Mteja wako ndiye yule yule mkulima. Na wewe uliyezoea kipimo cha kuibia shambani, je, sado yako sokoni haina kitako kilichobonyezwa ndani? Torati iliamuru mizani ya haki na vipimo vya haki, na amri hiyo haikuwahusu matajiri peke yao. Mteja akikuamini, atapita meza kumi aje kwako. Huo nao ni mtaji, wala hauna riba.

6. KUMBUKA MIEZI MIGUMU, NA KUMBUKA MOTO

Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Wakati huo mkulima amezika fedha zake ardhini, na Januari huja na mahitaji ya shule. Wateja hupungua. Baada ya mavuno, kuanzia Juni, fedha huzunguka tena. Mwenye busara huweka akiba kuanzia Juni hadi Septemba ili ale Januari bila kugusa mtaji. Akiba haiozi.

Moto nao hauna majira. Soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006. Agosti 2017 soko la SIDO hapo hapo Mwanjelwa likaungua, na wenye vibanda wakapoteza mali ya miaka mingi katika usiku mmoja. Julai 2021 hata Kariakoo, Dar es Salaam, iliungua. Basi tufanye haya:

(a) Usilaze fedha kibandani. Ipeleke benki, kwenye kikundi au kwenye simu.

(b) Usiweke mzigo wote mahali pamoja kama una mahali pengine salama.

(c) Daftari lirudi nyumbani kila jioni. Likiungua na duka, madeni yote nayo yameungua.

(d) Zima jiko na taa, na msivute umeme kwa nyaya za kuungaunga.

(e) Ulizeni mkiwa kikundi habari za bima ya moto. Mmoja aweza kuiona ghali, lakini wengi wakiungana hupata nguvu ya kuzungumza bei.

7. KIDOGO KILICHOTUNZWA HUKUA

Tusikate tamaa kwa udogo. Mwaka 2003, chini ya Dayosisi yetu ya Ruaha, kazi ya mikono iliyoitwa Neema Crafts ilianzishwa mjini Iringa. Ilianza na vijana watatu tu, viziwi, wakitengeneza karatasi. Na karatasi hiyo waliitengeneza kwa nini? Kwa mavi ya tembo! Watu wengi walidhani kiziwi hana la kufanya ila kukaa mlangoni na kungoja msaada. Lakini kazi ile ikakua, ikaongezeka ufumaji, ushonaji, shanga na mgahawa uliohudumiwa na viziwi, hata ikawapa kazi watu zaidi ya mia moja wenye ulemavu.

Tuangalie walifanya nini. Hawakutengeneza kitu ambacho kila mtu alikuwa akikiuza. Walitumia kilichokuwa karibu na kilichodharauliwa. Walijifunza kazi mpaka wakaijua. Sisi je? Katika njia moja utakuta meza nane, na zote zinauza maandazi. Wa tisa akija, naye anauza maandazi. Ndugu, uliza kwanza majirani wanakosa nini, wanakwenda mjini kufuata nini. Nyanya za Ilula zikishuka bei huoza barabarani, lakini zikisindikwa zinakaa miezi. Shirika la SIDO, lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, lina ofisi Mbeya na Iringa, na hufundisha kazi za namna hiyo. Milango iko wazi, twende tukaulize.

KAZI YA JUMA HILI

Nunua daftari. Andika kila kilichoingia na kila kilichotoka kwa siku sita, bila kujidanganya. Siku ya saba usiuze. Kaa na mwenzi wako au rafiki mwaminifu, mjumlishe pamoja.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Yule mama wa viazi angefanya nini ili faida yake iongezeke bila kupandisha bei?

2. Je, katika mtaa wetu yuko mjane aliyepoteza duka kwa kukosa hesabu za mumewe? Sisi tulimsaidiaje?

3. Kama mwenzetu amenaswa na kausha damu, kikundi chetu kinaweza kufanya nini juma hili hili?

4. Ni kitu gani ambacho watu wa kijiji chetu wanakifuata mjini, nacho kingeweza kutengenezwa hapa?

Katibu wa kila kikundi aandike majibu na kuyaleta kwa kasisi wa mtaa. Mungu azibariki kazi za mikono yenu.